Mgomba Kwenye Njia ya Baipasi

Malaz, Riyadh
6 Februari 2015

Kwa Shangazi yangu mpendwa Zipporah,

Ninakuandikia kwa sababu moja: kiwanja chako cha Musambwe, huko nyumbani, kimo hatarini, nami ninaomba idhini yako nikitetee kabla ya kikao cha kaunti cha mwezi wa Mei.

Unisamehe kwa kutanguliza shida mbele ya salamu. Natumai u mzima huko Jeddah, na kwamba madam unayemfanyia kazi amekuongezea muda wa kupumzika kama alivyoahidi. Mimi sijambo. Kazi ya kuchora ramani za barabara inanifunza mengi, na bosi ameanza kuniita mhandisi ijapokuwa shahada yangu ni ya mipango miji. Sijamsahihisha.

Baba amenitumia picha ya tangazo lililobandikwa ofisini kwa chifu. Kaunti inakusudia kutenga ukanda wa ardhi nyuma ya mji kwa ajili ya barabara ya mchepuko, ile ambayo watu wa nyumbani wanaiita baipasi. Haijengwi sasa. Huenda ikajengwa baada ya miaka ishirini, huenda isijengwe kamwe. Hata hivyo, ukanda ukishatengwa, mwenye ardhi ataruhusiwa kulima tu. Hatajenga nyumba ya kudumu, wala hatalipwa fidia mpaka siku serikali itakapoichukua. Mstari wao unapita katikati ya kiwanja chako.

Nimeandaa rasimu ya pingamizi, nayo nimempa Yassir, yule dereva Mzanzibari anayeleta mizigo Jeddah, pamoja na barua hii. Isome, kisha uniambie ndiyo.

Mwanao mtiifu,
Absalom


Jeddah
20 Februari 2015

Mwanangu Absalom,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ni mgongo tu. Madam ameongeza wageni. Mapumziko bado mafi, hakuna, kama wasemavyo Waarabu.

Yassir alinipa bahasha yako mlangoni akaniuliza kama nimeshtakiwa. Nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae. Kiswahili chako kimevaa tai, mwanangu. Lakini nimekielewa, na nimeona umenihangaikia. Asante.

Unajua kwa nini nilinunua kile kiwanja. Nilipotoka kwa mume nilirudi kwa baba yangu kama mgeni. Kwetu binti aliyerudi hajengewi ndani ya boma la babake, na akifa anazikwa kando ya ua. Nilikuja Saudia nipate mlango wangu mwenyewe. Kila nikipiga pasi kanzu za watu hawa huwa napanga madirisha: mawili yatazame barabara, moja litazame mlima. Kwa hiyo ukiniuliza kama naumia, naumia.

Lakini ndiyo sijaisema. Niambie kwanza: baipasi isipokuwepo, malori yataendelea kupita katikati ya soko?

Mama yangu anaendeleaje? Hezekiah baba yako hanielezi vizuri, anasema tu yuko sawa.

Shangazi yako,
Zipporah


Malaz, Riyadh
6 Machi 2015

Kwa Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kupata maneno yako, na ninakuombea nafuu ya mgongo.

Naam, malori ya kwenda mpakani yataendelea kupita sokoni, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Hata hivyo, kwa heshima, hilo si jukumu letu. Pingamizi linahusu haki ya mwenye ardhi.

Kuhusu Kukhu Sellah, bibi yangu na mama yako, nasikitika kukuarifu kwamba hali si nzuri. Hawezi kula, na daktari amewaambia wampumzishe nyumbani. Baba na wazee wa ukoo wamekaa kikao. Wanapendekeza kwamba Mungu akimchukua, azikwe kiwanjani kwako, palepale mstari unapopita. Wanasema hakuna kaunti itakayopenda kupeleka tingatinga juu ya kaburi la mwanamke mzee. Nimelitafakari pendekezo hili kitaalamu na ninaona lina nguvu. Kaburi huzingatiwa katika upangaji, na mara nyingi mstari husogezwa.

Baba anasubiri neno lako. Mimi namuunga mkono.

Mwanao,
Absalom


Jeddah
12 Machi 2015

Absalom,

Nimeipata barua yako. Salamu zako nimezipokea, nami nakurudishia.

Jibu ni hapana. Umwambie baba yako leo hii, maana simu yangu madam huiweka kabatini kwake, ananipa Ijumaa mchana tu, na kesho tunaenda Taif na wageni wake. Sijui kama nitaipata.

Pius, mtoto wangu wa kumzaa, ulicheza naye. Alipokufa ulikuwa shule ya bweni na nafikiri watu wazima walikuficha mengi. Nilimtuma mafuta ya taa. Trela lilikatika breki pale kwenye mteremko wa soko likaingia kwenye vibanda. Mama yangu ndiye aliyemtoa chini ya mbao. Tangu siku hiyo kila akisikia honi ya trela husema, "Haya magari yangetafutiwa njia nyuma ya mji." Amelisema mpaka watoto wakawa wanamwigiza.

Sasa hiyo njia inatafutwa, na ninyi mnataka mwili wake ndio uizuie. Mama si bikoni ya wapima ardhi, Absalom. Hapandwi kwenye mpaka. Mahali pake ni ubavuni mwa mumewe.

Bado sijui la kufanya na kiwanja. Hilo la mama najua.

Shangazi


Malaz, Riyadh
3 Aprili 2015

Kwa Shangazi yangu,

Pole. Tangu msiba wa Kukhu hatujazungumza vizuri, na sina hakika nina haki ya kukufariji.

Barua yako ya tarehe 12 nimeipata juzi. Yassir alizuiliwa njiani kwa sababu kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, hakuwa amemhuishia ikama, kibali cha kuishi hapa. Kwa hiyo Kukhu alipofariki sikuwa na neno lako mkononi. Baba aliponiuliza, nilimwambia kwamba kwa maoni yangu hungepinga. Vijana wakachimba kaburi kiwanjani kwako.

Baba amenieleza kilichotokea madam alipokupa simu yako Ijumaa ya mazishi, ukampigia. Shimo lilikuwa limekamilika na jeneza liko njiani kutoka mochari. Anasema hukupaza sauti. Ulisema tu, "Mpeleke kwa mumewe, Hezekiah," ukarudia maneno hayo hayo mpaka akashindwa kukupinga. Shimo la pili walilichimba kwa haraka kando ya Babu, na mazishi yakachelewa hadi jioni.

La kwanza halikuweza kuachwa wazi. Unajua desturi: shimo la kaburi likibaki tupu, litadai mtu mwingine. Wazee walikata mgomba, wakaulaza ndani, wakaufukia. Sasa kiwanjani kwako kuna tuta lililojaa kama kaburi lolote. Baba anasema kikao kikifika atawaonyesha maofisa na hatatamka chochote, tuta litajisemea.

Shangazi, pingamizi langu likiwekwa kando ya tuta hilo, litashinda. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sitamani tena kukuamulia.

Mwanao,
Absalom


Jeddah
10 Aprili 2015

Mwanangu,

Nimepoa. Natumai nawe unakula na kulala.

Usimkasirikie baba yako. Alitaka kuniokolea nyumba, na jembe ndilo alilokuwa nalo. Wewe ulikuwa na kalamu. Wote mlinipenda, lakini hamkuniuliza.

Siku ya mazishi nilikuwa najaza sahani za wageni. Madam aliniona machozi akasema, "Halas, basi, Zipporah, nenda chumbani." Nilikaa nusu saa nikafikiria lile tuta. Nikijenga nyumba juu ya mgomba, kila honi nitakayoisikia kutoka sokoni nitajua ni mimi niliyeirudisha pale.

Nataka niape mbele ya ubalozi. Karatasi iseme hivi: kiwanja ni changu, chini ya lile tuta kuna mgomba, hakuna mtu, na sipingi ukanda kupita. Iseme pia naomba kulima maharagwe mpaka siku watakapokuja. Barabara isipojengwa nikiwa hai, basi.

Madam anakuja Riyadh kwa harusi ya dadake mwanzo wa Mei. Amekubali nipate asubuhi moja, Jumapili. Sema saa.

Shangazi yako


Malaz, Riyadh
17 Aprili 2015

Kwa Shangazi yangu Zipporah,

Natumai barua hii inakukuta na afya. Yassir amepata ikama mpya na anakusalimu.

Pingamizi nimelichana. Kiapo nimekiandika kwa maneno yako, ukurasa mmoja, wala sikuongeza neno. Nimemsomea Baba kwenye simu. Akauliza kama maharagwe yale angeweza kukupandia yeye msimu huu. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Mahali utakapojenga utapachagua mwenyewe.

Njoo na pasipoti na nakala ya ikama. Nitakuwa kwenye lango la ubalozi wetu Jumapili, tarehe 3 Mei, saa tatu asubuhi.

Mwanao,
Absalom