Migomba ya Mama Imekwisha

Kumsenga,
Kibondo.
22 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Benita,

Mwakeye! Hujambo wewe, na shemeji Basile, na Rosa wetu? Mafua yake yaliisha? Na joto la huko Mtwara mnalivumiliaje? Mimi mwili ni mzima. Mama naye anaamka, anakula kidogo, magoti ndiyo yaleyale. Tunamshukuru Mungu.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungenikatiza kabla sijafika mwisho, na nisingekuwa na ujasiri wa kuanza tena. Kwa hiyo soma yote kwanza, halafu ugombe.

Unakumbuka Mama alivyotamani kutembelea watengeneza mvinyo wenzake? Mwezi wa sita nilipata nafasi, nikamweka kiti cha mbele kwenye kigari changu, tukazunguka siku tatu. Kasulu tulionja mvinyo wa mananasi. Akasema hiyo ni sharubati iliyokasirika. Nyabibuye walitukaribisha urwarwa, pombe yetu ya ndizi, mtungi mmoja na kila mtu na mrija wake. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Benita, sijamwona Mama akifurahi hivyo tangu tumzike Baba.

Unajua tabia yake. Akipewa mkungu na mwenyeji, haukati mtu mwingine. Mwenye kuutengenezea pombe ndiye anayeukata, tena kwa panga lake mwenyewe, ndivyo Bibi alivyomfunza. Basi panga lilisafiri nasi, limefungwa kwenye gunia.

Siku ya mwisho tulikuwa Mabamba kwa mzee Nkunzimana. Migomba yake ya pembeni ilikuwa imenyauka majani, ndizi zimeiva kabla ya wakati. Mzee hakuficha. Alisema mnyauko umeingia, ule ugonjwa wa migomba unaosafiri na panga, kwa hiyo tukimaliza kukata, panga lipitishwe kwenye moto hadi lisishikike. Mama akanikabidhi mimi kazi hiyo, akaenda kuagana na akina mama wa pale.

Jikoni moto ulikuwa umezimika. Ilibidi kuwasha upya, na mimi nilitaka kuwahi mpira. Mpira, Benita! Nikalifuta panga kwa kitambaa, nikalirudisha kwenye gunia. Mama aliponiuliza, nikamjibu tayari.

Kesho yake alilitumia kupogolea shamba lote la nyuma ya nyumba.

Mwezi wa nane majani yakaanza kuwa ya njano. Ukikata shina linatoa maji mazito kama usaha. Bwana shamba alikuja, akatikisa kichwa: ng'oeni yote, fukieni, na msipande mgomba hapo kwa muda mrefu. Dawa hakuna. Migomba aliyoipanda na Baba, iliyotusomesha mimi na wewe! Tuliing'oa siku nne. Sasa ukisimama mlango wa nyuma unaona mpaka barabarani.

Watu wanasema apande mihogo. Mama na mihogo wapi na wapi! Ana miaka sabini na mmoja, magoti hayapindi, aanze upya na nini? Nimewaza mpaka nimechoka, sioni njia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alijilaumu yeye. Alisema mikono yake imeharibika. Majirani wakimwita akawasaidie kukamua ndizi, haendi, anakaa ndani tu. Na mimi nikanyamaza wiki tatu nzima, mwoga mkubwa.

Juzi nikashindwa. Nikamwambia yote, na mpira wenyewe. Nilitaka anitukane, hata anipige. Akaniomba jambo moja tu: nisikuambie wewe. Alisema tumebaki wawili, na hana tena cha kutuachia isipokuwa kupatana kwetu.

Na hilo nalo, kama unavyoona, nimemharibia.

Msalimie sana shemeji, na Rosa umbusu kwa niaba ya mjomba wake. Mungu awafunike huko mliko. Ukimpigia Mama, mwongeleshe habari za mtoto tu.

Mimi kaka yako, nikupendaye hata ukininunia,

Mpawenimana