Siku Mliyoinua Kompyuta

Naivasha,
Jumapili mchana.

Mama,

Habari za huko juu? Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Viazi vya shamba la chini mlivichimba vikiwa vizima, ama ule ugonjwa wa majani ulivifikia? Na yule ng'ombe mwekundu alizaa? Mimi niko. Mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyoni ndiko hakuko sawa, na barua hii ni ya hayo ya moyoni, kwa hivyo tafuta miwani yako ya kusomea Biblia, keti chini, na uisome mwenyewe. Usimpe Kibet akusomee. Kibet ni ndugu yangu na nampenda, lakini kitu akisoma leo, kesho kinajulikana sokoni Olenguruone.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mara tatu. Kila nikianza kusema kuna shida ya shule, unaniambia ngoja tuombe kwanza, na ukimaliza kuomba mimi sina nguvu tena ya kusema. Karatasi haikatizwi.

Jambo lenyewe ni hili: Desemba sihitimu. Jina langu halimo kwenye orodha. Wale kina mama wa kanisa walioshona vitenge vya sare waambie wavivae kwa harusi ya mtu mwingine. Na uwaambie wewe, Mama, kwa sababu mimi sitaweza.

Watu wa nyumbani hamjawahi kuamini kwamba mimi nasoma. Kibet anaita shule ya simu. Shangazi aliwahi kuniuliza mbele ya wageni, "Sasa Chebet, hiyo chuo kikuu ina mlango?" Wakacheka wote, na wewe ukacheka. Nami nilicheka, nifanye nini. Lakini miaka minne si mchezo. Unajua tunavyofanya kazi hapa. Asubuhi tukiingia pale tunapofungia maua, simu zinabaki kwa kabati langoni, na huoni simu yako hadi jioni. Nilikuwa nanakili masomo kwa vipande vya katoni, zile katoni za kusafirishia waridi, navificha kwenye mfuko wa aproni, na wakati wa chakula nasoma huku wenzangu wakipiga stori. Supavaiza wetu, Njoroge, akanipata siku moja navyo. Akavisoma kwa sauti mbele ya laini nzima, habari za jinsi mtoto anavyojifunza kuongea, kisha akasema, "Mwalimu, hapa tunapanga maua. Hatusahihishi vitabu." Tangu siku hiyo jina langu ni Mwalimu, na linaitwa kwa kicheko.

Na huko chuoni kwenyewe usifikiri kuna mtu ananijua. Wahadhiri ni sauti tu. Unatuma swali, unaambiwa limepokelewa, basi, limepokelewa hadi leo. Wenzangu ni majina kwa simu. Mmoja alijifungua, nikampongeza, na sijui hata uso wake. Ukiugua hakuna wa kukuandikia notsi, ukikosa stima hakuna wa kukuambia pole. Unasoma peke yako, unaanguka peke yako. Nilikuwa nimevumilia yote hayo kwa sababu ilibaki mtihani mmoja.

Sasa sikiliza jinsi mitihani yetu ilivyo, maana nadhani sikukueleza vizuri, na hilo ni kosa langu nalikubali. Unakaa peke yako kwenye chumba. Unafunga mlango. Kompyuta inakutazama uso kwa jicho lake dogo lililo juu ya kioo, na inasikiliza kila sauti, tangu unapoanza hadi unapomaliza. Mtu mwingine hafai kuonekana wala kusikika. Mtihani wa kabla ya huo niliufanyia hapa kwa ploti, kwenye chumba changu cha kupanga, jirani akafungulia redio ya mahubiri, nikaandikiwa onyo. Ndiyo maana nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini, bila malipo, nikaja nyumbani. Nilikuja Kuresoi kutafuta kimya, Mama. Bado najiambia hivyo na sijui nicheke ama nilie.

Nilikwambia usiku tukila: kesho saa nne hadi saa sita nina mtihani, nitakuwa kwa chumba cha marehemu Baba, kile kinachopata mtandao, nisiguswe. Ukasema, "Hakuna atakayekugusa." Na hukunidanganya. Wewe uliposikia neno mtihani ulikumbuka ulilojua, ile siku ya maombi tulipokuwa darasa la nane, wazazi wote uwanjani, sisi tumeinua kalamu juu na Pasta anaziombea. Ulienda asubuhi kumwita Mama Pasta na Shangazi. Mngekuja saa tatu, kungekuwa hakuna neno. Lakini Shangazi alipitia kwa watu wa maziwa akachelewa, na saa nne na nusu nikiwa swali la tatu mlango ukafunguka mkaingia watatu na nyimbo.

Ningesema nini? Mtu mzima akishafumba macho akakuwekea mkono kichwani humwambii ngoja. Hivyo ndivyo ulivyonilea. Nilibaki natazama ile saa ndogo kwenye kona ya kioo ikihesabu dakika zangu, na mikono mitatu kichwani. Halafu Mama Pasta akauliza, "Kalamu iko wapi?" Ukamwonyesha kompyuta. Akaichukua na mikono yote miwili, akaiinua juu kabisa, vile kalamu zinavyoinuliwa, akaanza kuomba. Dakika sita. Chuo kikuu kina picha ya mabati yetu, Mama, na ule moshi wa miaka yote, na sauti za wanawake watatu wakisema maneno ambayo hakuna mtu pale aliyeyaelewa. Mlipotoka mkaniambia, "Sasa andika, umefunguliwa." Nikaandika. Niliandika hadi mwisho, na nilijua nimefaulu.

Wiki tatu baadaye nikaitwa Nakuru, mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Shtaka: watu watatu waliingia chumbani wakanisaidia kwa lugha ya nyumbani, na kompyuta ikageuzwa isione. Nikawaeleza walikuwa wakiomba. Wazee wawili na mama mmoja, mwenyekiti, wakaangaliana. Sikuwalaumu, hata mimi nisingeamini. Mama yule akasema nipewe ile sauti iliyorekodiwa na kompyuta niende nayo, nitafsiri kila neno la kila mtu, niweke sahihi kwamba ni kweli, nirudi baada ya wiki moja. Wangempa mtu wao aihakikishe.

Nilikaa na ile sauti wiki nzima. Jioni nikitoka kazini naweka vifaa vya masikio, naandika. Mama Pasta alikuwa rahisi, anapaza sauti, ni Zaburi juu ya Zaburi. Shangazi anasema tu amina. Lakini chini yao kulikuwa na sauti nyingine, ya chini sana, na mwanzoni nikadhani ni upepo. Mama Pasta alipoirudisha kompyuta mezani, wewe ulikuwa bado hujamaliza. Uliomba umeinama, mdomo karibu na sikio langu, karibu na kompyuta. Siku ile sikusikia hata neno moja. Nilikuwa naangalia saa.

Nitaandika ulichosema vile nilivyowaandikia wao. "Bwana, wewe unajua. Umri wake unaenda. Wenzake wana watoto wanaoenda shule. Kama ni haya masomo yanamfungia huko kwa wageni asirudi, asiolewe, basi uyafunge. Mlango huo uufunge, Bwana. Nirudishie mtoto wangu."

Nilirudia kusikiliza mara nyingi, nikitumaini nimekosea. Nilifikiria kuliacha lile fungu. Ningeandika tu "mama anaomba". Lakini lilikuwa kweli, na nilikuwa naweka sahihi, na zaidi ya hapo, Mama, lilikuwa ndilo ushahidi pekee niliokuwa nao kwamba hakuna aliyenisaidia. Nikaliandika lote.

Yule mwenyekiti alilisoma kwa sauti. Mmoja wa wazee aliangalia dirishani. Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza, "Huyu wa mwisho ni mama yako mzazi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi huyu hakuwa akikusaidia." Wakanitoa kwenye shtaka la wizi wa mtihani. Lakini mtihani wenyewe wakaufuta, kwa sababu watu waliingia, na sheria ni sheria. Nitaurudia mwaka ujao somo hilo likitolewa tena. Maombi yako yalijibiwa nusu, na ndiyo yaliyoniokoa nisifukuzwe. Nina hasira nawe hadi leo. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimejaribu kuificha nikashindwa.

Nilipomwomba Njoroge ruhusa ya kwenda Nakuru ilibidi nimweleze yote. Hakucheka. Juzi alinionyesha chumba cha kuwekea vitabu vya hesabu za shamba, kina mlango wa kufungwa na mtandao mzuri, akasema siku hiyo ikifika nitapewa ufunguo. Ananiita Mwalimu bado. Kwa hivyo nitaurudia hapa, kwa mtu baki, na siku yenyewe sitakwambia.

Nisalimie Kibet, ndugu yangu, na mke wake, na umwambie ile shule ya simu ina mlango, nimeuona. Nisalimie Shangazi, usimwambie lolote, yeye alisema amina tu. Mama Pasta mpe shukrani zangu, maana aliniombea kwa moyo safi, na yeye ndiye nisiyeweza kumtazama. Kwa kaburi la Baba, palilia ule upande wa ua, mvua huwa inauacha na magugu.

Ile sauti sijaifuta, iko kwa simu. Pale kwa "nirudishie mtoto wangu" unalia, na sikuwahi kujua kwamba unanililia hivyo. Miaka minne tukiongea kila Jumapili unaniuliza nimekula nini. Ungeniambia unanikosa ningepanda gari Ijumaa jioni. Hayo yote ulimpelekea Mungu mbinguni, na mimi nilikuwa hapo, kichwa changu chini ya mkono wako.

Niandikie wewe mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Chebet