Titye: Kaya Sifuri

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Gridi ya kompyuta imewaka! Kompyuta zetu za Kasulu na zile za Kibondo sasa zinagawana kazi — kila ofisi inabaki na takwimu zake, inafungua folda tu, ramani moja inajichora yenyewe. Bosi wetu, Bi Asia, kapiga makofi. Kampigia nani? Winnie wa Kibondo! Kaunganisha mitambo wiki mbili. Mimi nimezunguka kata za Titye na Kitanga miezi minne kuhesabu kaya, GPS shingoni, mbwa wamenichania suruali. Jina langu, Stanislaus Mwakeye, halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Jumatano, 9 Oktoba

Winnie ndiye anakwenda Dodoma kuionyesha ramani. Naona wivu. Haya, nimeandika.

Kanipigia: "Mwakeye, mzee wangu! Data zako za moto kinoma!" Mzee wangu! Nina miaka arobaini na mbili.

Wenzangu walipotoka nikaifunga folda ya Titye, gridi isiisome. Tuone ataonyesha nini huko.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Bi Asia anasema kamati ya zahanati mpya inakaa kesho saa nne, na itachagua kata kwa ramani hiyohiyo. Penye Titye pameandikwa kaya sifuri. Sifuri! Na kule nimewaona wajawazito wakibebwa kwa machela hadi barabarani.

Nikasema nitaifungua nikitoka kunywa chai. Sikuifungua. Winnie alikuwa anahangaika kwenye simu, anauliza huyu na yule, nami nikanogewa.

Ijumaa, 11 Oktoba, saa tatu na nusu

Winnie kamwambia Bi Asia kosa ni lake, eti kaunganisha vibaya. Dodoma kafutiwa. Kisha kanipigia, analia — nimsamehe, kapoteza jasho langu. Anaomba nipige picha madaftari yangu, ajaze upya kaya moja moja kabla kamati haijakaa. Kaya elfu mbili na kitu, kwa nusu saa!

Hata wema kanizidi. Nao nimeuonea wivu.

Bi Asia kasimama mlangoni. Anauliza kama Dodoma nitakwenda mimi, maana kazi naijua. Nimemwomba dakika moja, namalizia kuandika kitu. Anadhani ni ripoti. Folda bado imefungwa. Simu inaita tena, ni Winnie, na Bi Asia anasema niipokee, niweke spika —