Kuku Hawajafa, Sasa Mume Anataka Tusage

Mpendwa Shangazi Asnath, shikamoo. Nakuomba unijibu upesi maana Jumamosi ni arobaini ya baba mkwe na usingizi sina. Mahindi yetu yalinyeshewa shambani, tukayaingiza ndani hayajakauka, yakaota ukungu wa kijani, nikasema basi haya ni ya kuku, ila wa jirani walishakufa kwa chakula cha namna hiyo, nikaenda Korogwe duka la dawa za mifugo, nikaelekezwa kuchanganya majani makavu ya mlonge na binzari, na kweli kuku wangu wako hai, wanataga, nami nikatamba kijiji kizima kwamba dawa yangu inamaliza sumu. Sasa mume wangu Kibwana ameng'ang'ania magunia yaliyobaki yaende mashineni, tupike ugali wa arobaini, unga tuutie mlonge, anasema kama kuku hawafi sisi tutakufaje, na kwamba yeye mtoto mkubwa wa marehemu hawezi kuwaaga wageni kwa chai kavu. Nikikataa ananiuliza, "Si wewe uliyesema?" Ni mimi kweli, na wanangu watakula, na majirani watakula. Nifanyeje?

Mama Yusra, Kang'ata

Marahaba, Mama Yusra. Poleni na msiba, ila mdomo wako umekuponza. Mlonge na binzari vinaweza kumpunguzia kuku makali ya sumu, basi. Sumu yenyewe imo kwenye punje, uoshe, upike, utie majani ya mti gani, bado imo, na hata isipoua leo hula ini polepole. Hata hao kuku, acha kuwapa mahindi hayo leo hii.

Magunia hayo yafukieni, na asiuziwe mtu. Kwa Kibwana usiende peke yako kubishana. Mchukue dada yake mkubwa, ukiri mbele yake kwamba ulitia chumvi, aibu hiyo utaimeza. Arobaini ni dua. Chai na mihogo ya kuchemsha vinatosha, wageni watakula na watarudi kwao wazima.

Kibwana akishikilia msimamo wake, chinja kuku mmoja, mpe kisu apasue mwenyewe, atazame ini. Likiwa limepauka na kulegea, amejionea. Likiwa zima, usibabaike, mwambie hivi: kuku tunamtaka afike Idi tu. Yusra tunamtaka afike wapi?