Mkono Ng'ambo ya Mto

Kola, 11 Novemba 2024

Mwanangu Mutheu,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi niko mzima, ni goti tu linanisumbua mvua ikishika. Wewe je, kile kikohozi kimeisha? Kwenye simu unajua sisikii vizuri, kwa hivyo nimempa Kitheka wa maziwa barua hii akuletee.

Ameniambia Jumamosi utatembeza wageni peke yako mara ya kwanza, na kwamba mtapita njia ya mkato inayovuka mto wetu wa mchanga. Nimefurahi, na nimeogopa. Mama yako alichukuliwa na maji pale, na siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani.

Ukiona wingu jeusi milimani, usivuke. Hata mchanga ukiwa mkavu. Hata mtu wa ng'ambo akikupungia mkono uje. Nakuomba.

Baba yako,
Masila

Machakos mjini, 13 Novemba

Baba mpendwa,

Natumai goti limepoa. Kikohozi kimeisha, ile dawa yako ya mwarobaini ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Baba, wewe na huo mto. Nikiwa mdogo hukuniacha hata nikachote maji na wenzangu. Sasa niko na miaka ishirini na sita. Asubuhi tutaenda Kituluni, pale barabarani maji yanapoonekana kupanda mlima, wageni wajionee, halafu tuvuke mto tukale chakula cha mchana kwa akina mama wanaosuka viondo. Wageni ni kumi na mmoja, na dereva, Onesmus, anaijua njia. Bosi wangu, Bi Kamanthe, amesema siku ikienda vizuri ataniandika kazi ya kudumu. Wageni wakilalamika, basi, nitafute kwingine. Wewe niombee tu mvua ingoje Jumapili.

Binti yako,
Mutheu

Machakos mjini, 17 Novemba

Baba,

Salamu. Mwili ni mzima.

Mvua ilitukuta Kituluni. Nilimwaga maji ya chupa barabarani kuwaonyesha yanavyopanda, na hakuna aliyeona kitu, maana barabara yote ilikuwa maji. Wakaanza kunung'unika. Tulipofika mtoni mvua ilikuwa imekatika, na mchanga haukuwa hata na dimbwi. Lakini milimani wingu lilikuwa jeusi. Nikamwambia Onesmus asimamishe gari.

Ng'ambo akatokea mzee mmoja na mwavuli wake, akatupungia mkono. Kujeni, akasema, hakuna maji. Wageni wote wakasema twende. Onesmus akawasha injini. Nilishuka nikasimama mbele ya gari, na mgeni mmoja ananirekodi na simu huku akicheka. Tulingoja dakika hamsini. Nilisikiliza kama mto unakuja mpaka masikio yakaniuma. Kuzunguka hadi darajani kulikuwa matope matupu, kwa hivyo tukageuza, kila mtu na njaa yake.

Mto haukuja, Baba. Kitheka alivuka na maziwa yake saa kumi na moja jioni bila kulowa kiatu. Bi Kamanthe ameniambia nisirudi.

Umenilea na hofu ambayo si yangu, na sasa imenikosesha kazi. Wengine walifiwa pale pale, na wanavuka. Niambie ukweli, kuna nini kuhusu siku ile ambacho hujawahi kuniambia?

Mutheu

Kola, 1 Desemba

Mutheu wangu,

Habari za siku nyingi. Nimeanza barua hii mara nne. Kitheka amechoka kuniuliza kama iko tayari.

Siku ile nilikuwa ng'ambo. Nilikuwa nimetangulia na punda wa maji. Mama yako alisimama upande ule mwingine, mtungi mgongoni, akaangalia milimani, akaniuliza kama angoje kidogo. Mimi nilikuwa na njaa, nilitaka tufike nyumbani. Nikampungia mkono. Nikamwambia kuja, hakuna maji. Alifika katikati.

Watu waliponiuliza, nilisema alivuka peke yake. Nimesema hivyo miaka ishirini na mitatu. Ule mkono ulikuwa wangu, Mutheu.

Kazi yako umeipoteza kwa sababu yangu, lakini kosa hukufanya. Ungekuwa mkubwa siku ile, ungesimama mbele ya mama yako. Ukitaka kunichukia, nitaelewa. Niko hapa.

Baba yako

Machakos mjini, 21 Desemba

Baba,

U hali gani, na goti je? Mimi si mzima sana. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimekukasirikia, na bado, siwezi kukudanganya. Kuna siku niliapa sitakuandikia tena.

Lakini nimemfikiria sana yule mzee wa mwavuli. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mchanga mkavu na watu waliochoka, akataka tufike. Hata leo ningekataa kuvuka, lakini simchukii.

Bi Kamanthe hajanipigia, na nimeacha kungoja. Kesho kutwa nakuja nyumbani. Nitafika darajani saa nane mchana. Simama upande wako. Ukiona nimesimama tu ninakuangalia, usirudi nyumbani.

Nipungie mkono, Baba. Nitakuja.

Mwanao,
Mutheu