Maswali ya Kituo cha Majani Chai

Mjukuu wangu Kemunto,

Kwa niaba ya boma zima, natangaza rasmi kwamba jogoo wetu amenyofolewa mkia na mbwa. Anaendelea vyema, ila amekataa kuwika. Sisi wengine ni wazima, Mungu ni mwema.

Unasema utaacha kozi yako ya bure ya chuo kikuu ya mtandaoni kwa sababu huko hakuna wa kukusukuma, tena huna kichwa kama changu kilichomaliza kozi kama hiyo ya kutunza udongo. Kichwa hiki? Nilianguka jaribio la kwanza, na la pili nikaanguka vizuri zaidi. Nikaamua kuacha.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kituo cha majani chai hapa Nyacheki, tukingoja lori la kiwanda, nami nikitazama video ya somo kwa mara ya mwisho. Jirani yetu Mama Nyaboke akachungulia simu.

"Anasema nini huyo?"

"Anasema tukipogoa chai tuache matawi shambani yaoze, yalishe udongo."

"Ala! Na kuni? Nipike ugali na nini, na video?"

Wanawake wote wakacheka. Nikaahidi kuleta jibu kesho yake, na nyumbani nikalirudia somo mpaka nikalielewa. Kesho yake nikawapa jibu, nao wakanipa maswali mapya, na ikawa hivyo kila siku.

Siku hizi watu husifu akili zangu, nami huzipokea sifa. Lakini wewe nikuambie ukweli: nilimaliza kozi kwa kuogopa kufika kituoni bila jibu la kumpa Mama Nyaboke. Namshukuru mpaka leo.

Nyanya yako