Mahali Palipokuwa na Zizi

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwagilia kitalu kabla ya jua. Miche ya nyanya imefika kiganja, shina nene, haina mdudu. Nimeiondolea nyasi za kivuli ianze kuzoea jua.

Saa nne watu wa mradi wa kilimo wameleta ile roboti. Nilitegemea kitu chenye kichwa na mikono. Kumbe ni meza ya chuma yenye magurudumu manne, sola mgongoni, tangi la mbolea tumboni, na sindano ndefu inayodunga udongo kando ya kila mche. Udongo ukiwa na njaa, inawaka taa nyekundu na mbolea inadondoka. Ukiwa umeshiba, taa ya kijani, inapita. Mama Pili, mwenyekiti wa kikundi chetu, ameshaibatiza Bwana Shamba. Kasema angalau huyu hataomba kuku wakati wa kuondoka. Tumecheka hadi wageni wakatukodolea macho.

Mtaalamu wake ni binti, anaitwa Nasra. Kaniamkia vizuri, kapiga goti kidogo. Nimempenda.

Jumapili, 8 Juni

Mdomo wangu utaniua siku moja.

Watu wa mradi wanataka bustani yangu ya kisimani iwe shamba darasa lao. Bustani aliyoniachia marehemu mama. Miaka thelathini natia pale majivu na samadi kwa mikono hii. Nilikataa. Wenzangu kwenye kikundi wakaanza kuguna, eti nazuia maendeleo. Hasira zikanipanda. Nikasimama nikasema tushindane kwanza. Shamba letu la juu, nusu yao, nusu yangu. Miche ya kitalu kimoja, maji sawa. Mashine ikinishinda kwa matenga ya nyanya, nawaachia kisimani misimu miwili. Nikishinda mimi, wasiniulize tena. Wakapiga makofi. Imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Mchana tumepima shamba na mdogo wangu Maganga. Yeye ndiye msimamizi wa mashine, wamempa kofia na fulana. Tumekubaliana jambo moja, mimi na yeye, kwa Kinyamwezi chetu: pale shambani palipokuwa na zizi la baba pasiguswe. Mtoto yeyote wa mfugaji anajua kwa nini. Ng'ombe wakilala mahali miaka na miaka, pale hata mbegu uliyoiangusha kwa bahati mbaya itazaa. Mvua zimeleta mchanga ukafunika, kwa macho huwezi kupajua. Limebaki shina moja tu la mti wa mnyaa, la ule ua wa zizi. Vigingi vyote tumevipiga kwenye mteremko, chini zaidi ya mnyaa, zizi likabaki nje. Nimehesabu hatua mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Simu kutoka Tura. Mama mdogo amefariki. Naondoka leo hii.

Miche lazima ihamishwe wiki hii. Nimemwachia Maganga kitalu, pampu, kila kitu. Nisipomwamini niliyenyonya naye ziwa moja, nitamwamini nani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi nimechoka. Tumezika vizuri.

Miche imeshapandwa pande zote mbili. Mistari imenyooka, siwezi kusema uongo. Lakini mnyaa haupo. Umeng'olewa na mizizi yake. Maganga anasema magurudumu ya Bwana Shamba yalikosa pa kugeukia. Nimegomba. Kaomba radhi mara tatu. Wamelima na kusawazisha eneo lote, ni mchanga mtupu mpaka kule njia ya ng'ombe, ile ambayo babu alituambia misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita. Huoni alama yoyote.

Nimeacha. Mnyaa ni mnyaa tu. Nikitaka nitapanda mwingine.

Ijumaa, 4 Julai

Nimetia samadi yangu ya mwisho na majivu kuzunguka kila shina. Kiuno kinauma.

Bwana Shamba anafanya kazi kwa adabu. Haongei, haketi, haombi chai. Anadunga, anasikiliza, anasogea. Nimekaa kumtazama muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kusema kweli nimemzoea. Kila asubuhi Maganga ananisalimia "Mwangaluka, dada," halafu anaipangusa mashine vumbi kama mtu anayemtayarisha bwana harusi.

Jumamosi, 19 Julai

Nyanya zao zimenizidi. Zimenifika kiunoni, majani ya kijani kizito. Zangu ni nzuri, za kawaida. Wanawake wa kikundi wakipita wanasimama upande wao. Upande wangu wanapunga mkono.

Mama Pili kanitania kwamba mwanamume wa chuma ameniacha mbali. Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Labda mkono wangu umezeeka. Labda miaka yote hii nilikuwa nabahatisha na bustani ya mama ndiyo iliyokuwa ikinibeba. Wazo hilo linaniuma kuliko kiuno.

Jumanne, 5 Agosti

Jambo moja silielewi. Tangi la Bwana Shamba halipungui. Leo nimefuata nyuma yake mistari minne mizima. Kijani, kijani, kijani. Anadunga, anapita. Mistari minne, nyekundu mara mbili tu.

Nikamuuliza Nasra. Kasema huo ndio ufanisi, mashine inajua kubana mbolea, mkulima ndiye anayemwaga ovyo. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa kumsifu. Nikaomba basi aidunge sindano upande wangu mara moja tu, nione. Akakataa, eti itaharibu jaribio.

Nimekubali. Mimi ni nani nibishane na sindano.

Jumapili, 17 Agosti

Lazima niandike kabla sijalala.

Jioni nilikwenda kung'oa magugu mpakani. Nikavuka mstari mmoja upande wao, kuna ndago ilikuwa inanikera. Jembe likagonga kitu. Nikachimba. Mchanga, mchanga, halafu udongo mweusi, mlaini, unatoka harufu ninayoijua tangu nikiwa mtoto wa kukamua. Nikaendelea kuchimba. Nikakuta kisiki cha mninga kilichoungua juu, chini bado kigumu kama chuma. Kina tundu la kupitishia mti wa kufungia.

Ni nguzo ya mlango wa zizi la baba. Maganga na mimi tulikuwa tukikalia mti wake tukihesabu ndama.

Walihamisha vigingi. Upande wao wote umekaa juu ya zizi. Ndiyo maana mnyaa uling'olewa. Mashine haikufanya lolote. Ilikuta udongo umeshiba ikasema umeshiba, siku zote hizi, kwa taa ya kijani, mbele ya macho yangu.

Na hapa Kigwa nzima wanaojua zizi lilipokuwa tumebaki wawili. Hao wanakikundi ni wanawake walioolewa huku baada ya baba kufa na ng'ombe kugawanywa. Tumebaki mimi na Maganga.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nautumia msemo huo kuwaasa watu wengine.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwendea Maganga kwake. Nilimsemesha kwa Kinyamwezi. Kanijibu kwa Kiswahili, kama mtu wa ofisini.

Hakukataa. Hilo ndilo limenichoma. Alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa. Akasema, "Dada, mama alikuachia bustani. Mimi aliniachia nini?" Akasema mashine ikishinda atakuwa msimamizi wa vijiji vyote mpaka Choma, atapewa pikipiki yenye jina la mradi, watu watamwita bwana. Akasema misimu miwili si mingi.

Angekuja kuniomba, ningempa nusu ya bustani. Naapa ningempa. Sasa namchukia, na sijawahi kumchukia. Tangu tukiwa watoto mimi ndiye niliyekuwa nachapwa kwa makosa yake.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempata Nasra peke yake. Nikamwonyesha kisiki. Nikamuuliza swali moja tu: siku ya kwanza kabisa, kabla mashine haijatoa hata punje ya mbolea, sindano ilisema nini?

Akaitazama simu yake, akatazama viatu. Kisha akasema vipimo vya siku ya kwanza huwa havihesabiwi, mashine inakuwa bado inarekebishwa. Akaongeza kwamba wakubwa wake wanakuja tarehe thelathini.

Alijua. Huenda hakujua habari za zizi, lakini tangu siku ya kwanza alijua udongo ule umeshiba. Na ndiye yule aliyenipigia goti.

Jumamosi, 30 Agosti

Matenga yao arobaini na moja. Yangu ishirini na sita.

Wageni walikaa chini ya turubai. Mama Pili akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikaeleza zizi, mnyaa, vigingi. Nikaweka kile kisiki nilichoking'oa mezani mbele yao, mavumbi yakaingia kwenye soda zao. Nilisema taratibu, sikutukana. Nilitaka mara moja katika maisha yangu hasira isiniharibie.

Maganga akavua kofia. Akaapa kwa kaburi la baba kwamba pale hapajawahi kuwa na zizi. Akasema wamefiwa na mama mdogo juzijuzi, dada yake bado ana majonzi, wamsamehe. Alisema kwa sauti ya upole kabisa. Kisiki akasema ni cha mti wowote tu.

Nikamtazama Nasra. Akawa anaandika.

Watu waliniangalia kwa huruma. Mama Pili akanishika bega, akanikalisha. Huruma ile ni mbaya kuliko kucheka. Wakapiga picha, Maganga katikati.

Ahadi ni deni na mimi niliitoa mwenyewe mbele ya watu. Niliwakabidhi bustani leo leo. Sikutaka kesho waje kuniambia nimekataa kushindwa.

Jumatano, 3 Septemba

Sijatoka. Nimepika ugali nikaukuta umepoa mezani.

Maganga alipita njiani. Hakusema mwangaluka. Ningemjibu nini.

Jumatano, 24 Septemba

Leo Bwana Shamba ameanza kazi kisimani. Sikutaka kwenda. Mama Pili alinifuata, akasema kikundi kizima kipo, nisipokwenda wataona nimenuna. Nimenuna kweli, lakini nikaenda.

Wamepanda miche mipya kwenye matuta yangu. Nasra akawasha. Tangi lilijazwa mpaka juu, maana alisema bustani iliyolimwa miaka mingi bila kipimo lazima itakuwa imechoka. Maganga akasimama pembeni na kofia yake.

Mche wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Tuta zima likaisha. Bwana Shamba akageuka kwa adabu yake ileile, akaanza la pili. Kijani. La tatu. Hakudondosha hata punje moja. Wanawake waliokuwa wakizungumza pembeni wakaanza kusogea karibu, mmoja mmoja, waione taa.

Nasra akaisimamisha, akaifuta sindano, akaidunga kwa mkono mahali pengine. Kijani. Akanitazama, nami nikaendelea kuiangalia miche.

Mama Pili akauliza, si kwa utani, "Kwani na hapa palikuwa na zizi?"

Aliyejibu ni Maganga. Macho yake yalikuwa bado kwenye ile taa, nadhani hata hakujua kama amefungua mdomo. Akasema, "Hapana. Hapa ni mikono ya dada tu. Zizi lilikuwa kule juu."

Mama Pili aligeuka akamtazama, muda mrefu. Wengine pia. Maganga akaivua kofia, akaishika mikononi, akawa anaigeuzageuza.

Nilidhani siku nikilisikia neno hilo litanifurahisha. Halikunifurahisha. Niliona tu kwamba ana mvi kisogoni na sikuwahi kuziona.

Bustani bado ni yao misimu miwili. Sikuomba irudishwe, wala sikubaki kusikiliza waliyoanza kuambiana. Jua lilikuwa limepanda na hakuna aliyekumbuka maji. Nikachukua keni, nikateremka kisimani, nikaanza kumwagilia kutoka tuta la mwisho.